Kabureta Katika Nyanda za Mau

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na ufundi wa pikipiki niliupata huko huko pwani. Lakini kazi iliyonishughulisha akili kuliko zote niliifanya Molo, juu ya safu za Mau, mahali palipoinuka takriban futi 8,000 juu ya usawa wa bahari, ambako nilihamia mwanzoni mwa miaka ya 1970 nikafungua karakana yangu mwenyewe.

Wateja wangu aghalabu walikuwa mabwana shamba waliozungukia mashamba ya pareto, walinzi wa misitu, na makatekista wenye vigango vya mbali; na malalamiko yao nilikuwa nimekwisha kuyajua kabla hawajateremka: injini hukohoa mlimani, moshi mweusi hutoka, petroli huisha upesi, na plagi ikifunguliwa huonekana imevaa masizi makavu. Kabureta hupima wingi wa hewa ipitayo kooni mwake, wala haina njia ya kujua uzito wake. Na kwa kuwa hewa ya Mau ni nyepesi kuliko ile ya Kilindini, bandarini Mombasa, kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, ilhali petroli inayofyonzwa katika jeti haipungui kwa kadiri hiyo, mchanganyiko huwa mzito, na moto ukashindwa kuuteketeza wote.

Jeti kuu ni kipande cha shaba kisichofika ukubwa wa punje ya hindi, na katika kabureta za Keihin namba 100 ni tundu lenye upana wa milimita moja hivi. Pikipiki iliyokuja na jeti hiyo niliitilia kwanza ya 95, ambayo hupunguza eneo la tundu kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi, kisha nikaipanda kuelekea Mau Summit, nikavuta mkono wa mafuta hadi mwisho, na ikiwa katika mbio hizo hizo nikabana klachi na kuzima moto kwa pamoja, nikasimama kando ya barabara na kufungua plagi ingali inaunguza vidole. Ikiwa kaure yake imegeuka kahawia, kazi ya jeti imekwisha. Ikiwa bado nyeusi, nilishuka namba nyingine. Hapo ndipo nilipoigeukia sindano, nikipandisha klipu yake tundu moja ili sindano yenyewe izame zaidi, na mwisho kabisa skrubu ya silensa, yaani ya mngurumo wa injini isipovutwa mafuta, ambayo ikiwa upande wa chujio huongoza hewa, na ikiwa upande wa injini huongoza petroli, hata fundi asiyeitambua huizungusha kinyume.

Waliokuwa wakinikera ni wale waliochokonoa jeti kwa waya. Tundu lililokwaruzwa halina namba tena, na hakuna hesabu itakayolikalia.

Fauka ya hayo, nilijilazimisha kuwaambia wateja ukweli ambao haukuwapendeza, kwamba injini hupoteza kiasi cha 3 katika kila 100 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 ipandazo, na jeti haiwezi kuirudisha hewa ambayo haipo. Mwenye mizigo na vilima vikali nilimshauri atie sproketi ya nyuma yenye meno zaidi, akubali kwenda polepole.

Bwana shamba mmoja, mtu wa Kwale, alipokaribia likizo yake aliniuliza: “Fundi, na huko kwetu itakimbia vivi hivi?”

“Itakimbia, bwana, kisha itakufa Voi,” nikamjibu.

Maana jeti iliyopunguzwa kwa ajili ya Molo, ikifika kwenye hewa nzito ya chini, hunyima injini petroli, plagi huwa nyeupe, joto hupanda, na pistoni hutoboka au kukwama ndani ya silinda. Tangu hapo sikugusa bisibisi kabla ya kumwuliza mtu anakwenda wapi. Huyo wa Kwale nilimrudishia jeti yake ya kwanza palepale Molo, nikampa plagi ya akiba na kumsihi avumilie moshi hadi apite Nairobi, barabara ianzapo kushuka kwa dhati. Naye alinung’unika kwamba nimemharibia pikipiki iliyokuwa imepona, nami nikamwacha anung’unike.