Haaland Ni Jina la Shamba, Mwanangu

Stavanger, Norwe

Wapendwa wangu wa Kiplombe, Kenya,

Ningeanza kwa salamu ndefu kama tulivyolelewa, niulize mahindi, niulize ng'ombe, niulize magoti ya kogo, yaani nyanya. Lakini nina hasira, na nataka niziandike kabla hazijapoa.

Mtoto wa kaka yangu ameniletea ujumbe kwa WhatsApp. Amepata mvulana, Mungu ashukuriwe. Picha imeambatana: mtoto hata macho hajafungua vizuri, amevishwa jezi ya buluu ya Manchester City inayomfika kwenye nyayo. "Senge," yaani shangazi, "tumemwita Haaland. Haaland Ethan. Wewe unaishi kwao, tuambie maana yake." Nikamuuliza, na jina la nyumbani? Akajibu kwamba hilo wataliona baadaye, kwani siku hizi majina yetu ya Kikalenjin, ya Kip na Chep, yanajaza fomu.

Yanajaza fomu! Haya, umeuliza maana, nitakupa maana, na wewe uwasomee wenzako pale steji ya boda boda kwa sauti, kwa sababu najua hauko peke yako.

Haaland ni jina la shamba. Kutoka hapa Stavanger hadi Bryne, mji alikolelewa huyo mfungaji wenu, Erling Haaland, ni kama nusu saa kwa treni, na mkoa huu wote una mashamba yenye jina hilo. Zamani Mnorwe alikuwa na jina lake, kisha la baba yake, kisha la shamba analoishi. Akihama shamba, jina la shamba analiacha palepale na kuchukua la kule anakohamia. Sheria ya mwaka 1923 ndiyo iliyoiambia kila familia iwe na jina moja la ukoo lisilobadilika, na wengi wakabaki na shamba walilokuwa nalo. Kumwita mtoto Haaland ni sawa na Mnorwe ampende Eliud Kipchoge hadi amwite mwanawe Kapsisiywa.

Na ninyi wa Arsenal msicheke. Ødegaard wenu ni shamba lililohamwa. Tauni ilipoifikia Norwe mwaka 1349 iliua watu wengi mno, mashamba yakabaki magofu, nyasi zikaota hadi mlangoni, na majirani wakayaita hivyo, shamba lisilo na mtu. Yuko mtu hapo Kiplombe anataka mwanawe aitwe gofu?

Kichekesho ni kwamba huyo Haaland ungemzalia hapa Norwe, ofisi ya kodi ingekurudishia fomu. Ndiyo, huku majina husajiliwa na ofisi ya kodi. Sheria yao ya majina, iliyoanza kutumika mwaka 2003, inakataza kuchukua jina la ukoo la Kinorwe na kulifanya jina la kwanza la mtoto. Inakataza pia jina litakalomtesa mtoto mbele ya safari. Mzazi ana miezi sita ya kuamua. Ikipita bila yeye kupeleka jina la ukoo, mtoto huandikwa kwa la mama yake. Na kama jina la ukoo lina watu 200 au wachache kuliko hapo, huwezi kujitwalia tu, lazima uombe ruhusa yao. Mimi nilidhani utani nilipoambiwa. Si utani.

Kama ni lazima mtoto awe wa Manchester City, basi angalau mngechukua Erling. Hilo ni jina la mtu, tena maana yake ni mzao wa jarl, mkuu wa watu. Na lile la katikati mnaloliruka mkimtaja, Braut, ni la upande wa mama yake. Kijana huyo anacheza na mama yake na baba yake, wote wawili, ndani ya jina. Mtoto wenu hapo ana nani? Ana shamba la watu na Ethan.

Sasa niwasimulie kazini kwangu, maana ndiko nilikojifunza haya. Ninahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na kila mlango una kibao cha jina. Asubuhi nikipita na toroli la dawa nasoma kama rejista ya shule: Bjørn, Arne, Gunnhild, Solveig, Dagny, Torbjørg, Olav. Mwanzoni nilikuwa namuuliza kila mmoja, jina lako lina maana gani? Swali la kawaida kwetu. Wananitazama kama nimewauliza namba ya benki. Hawajui! Bjørn anajua kidogo, kwa sababu bjørn bado ni dubu katika Kinorwe cha leo. Arne hakujua kuwa yeye ni tai. Solveig alidhani ni jua, kwa kuwa sol ni jua, lakini wataalamu wengi wanasema mwanzo wake ni nyumba, na sehemu ya pili ni nguvu. Na Gunnhild, bibi mpole anayefuma soksi na kunitilia peremende mfukoni, jina lake ni vita juu ya vita: gunn ni vita na hild ni vita. Nilipomwambia alicheka hadi akakohoa, nikalazimika kumpa maji.

Zamani zao za kale majina yao yalikuwa yakiunganishwa hivyo, vipande viwili viwili: mungu na jiwe, mungu na dubu, ushindi na uzuri. Wanachukua kipande cha babu, wanakiunga na kipande cha nyanya, mtoto anapata jina jipya lenye ukoo ndani yake. Baadaye wakawa wanamrudisha marehemu mzima mzima: mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Hata mjane wa kiume akioa tena, binti wa kwanza wa mke mpya alipewa jina la marehemu mke. Kogo angewaelewa mara moja. Ajabu zaidi ni Olav, jina la mfalme wao mtakatifu: wanaolichimba wanasema maana yake ni mzao aliyebaki wa mababu. Yaani wao nao walikuwa wanamwita babu arudi, tofauti ni kwamba hawakutaja majina ya mababu mpaka mtoto apige chafya, kama sisi.

Na Dag? Dag ni mchana. Huyo ni Kibet kabisa, aliyezaliwa mchana, hakuna cha kuongeza. Dagny ni siku mpya, na mkimleta hapo Kiplombe mtamwita Chepkoech, wa alfajiri, bila kuuliza. Ila wao waliishia hapo. Hawana jina la aliyezaliwa mbuzi wakirudi wala la aliyezaliwa ng'ombe wakitoka. Ni vizuri pia, kwa sababu kwa mvua ya Stavanger nusu ya mji ingekuwa Kiprop na nusu Cherop, na kule Tromsø, ambako jua halichomozi kutoka mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, wote wangekuwa Kiplagat.

Kilichowapata ndicho ninachotaka mkisikie. Ukristo ulipoingia, halafu karne nne chini ya Denmark, majina yale yakapungua mwaka hadi mwaka. Wakawa kina Johannes, nao wakamkata wakamfanya Jon na Jens. Laurentius akawa Lars, Katarina akawa Kari, Margareta akawa Marit. Majina ya kale yakabaki kwa wakulima wa mabondeni na ndani ya vitabu. Walipoachana na Denmark mwaka 1814 ndipo wasomi wakaanza kuyafukua, na karne ile yote wakawa wanawabatiza watoto Harald, Sigurd, Ragnhild, Astrid. Mwaka 1905 walipoachana na Sweden wakahitaji mfalme. Wakamchukua mjukuu wa mfalme wa Denmark, aitwaye Carl. Kabla hajakaa vizuri kwenye kiti akawa Haakon, jina la wafalme wao wa kale, na mwanawe wa miaka miwili, Alexander, akageuzwa kuwa Olav. Mfalme mzima alibadilisha jina ili awe mtu wa pale!

Watu hawa waliyafukua majina yao kwa kazi kubwa, na hata hivyo maana haikurudi midomoni. Wana jina, hawana maana. Ninyi mna maana. Mtoto wa darasa la pili hapo Kiplombe ukimwambia Kiprotich anajua ng'ombe walikuwa wapi. Ukimwambia Cheruiyot anajua watu walikuwa wanakwenda kulala. Hamhitaji kitabu wala profesa. Halafu ndio mnaotupa jina! Ingekuwa mmesahau, ningewahurumia.

Najua mtanijibu, hasa yule mwalimu mstaafu. Mtasema, Senge, Daniel na Esther pia tuliletewa, na leo ni yetu. Kweli. Tena nitakupeni silaha ya kunipigia. Mfalme Olav huyo mtakatifu alipata mtoto wa kiume usiku, mwaka 1024 hivi, mtoto dhaifu hata walidhani hatafika asubuhi. Hakuna aliyethubutu kumwamsha mfalme. Malenga wake, Sigvat, akaamua mtoto abatizwe upesi na akampa jina Magnus. Asubuhi mfalme akawaka: jina gani hilo, katika ukoo wetu halimo! Sigvat akajitetea kwamba amemwita kwa Karl Magnus, mfalme wa Wafaranki, ambaye kwake ndiye mtu bora aliyewahi kuishi duniani. Hadithi hii iliandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland. Na tazama, Magnus lenyewe halikuwa jina, ni sifa tu ya Kilatini, mkubwa. Malenga alichukua sifa ya nyota wa nje akambandika mtoto wa nyumbani. Ni Haaland mtupu! Mtoto akapona, akawa mfalme mwaka 1035, na leo Magnus ni Mnorwe kuliko samaki. Mrithi wa kiti sasa hivi anaitwa Haakon Magnus.

Lakini someni vizuri kabla hamjashangilia. Yule mtoto alikuwa Magnus Olavsson. Jina la mgeni lilikaa, na la baba likakaa kando yake. Hakuna aliyesema la baba tutaliona baadaye.

Kuhusu jina la baba pia mna kesi. Hapa kazini nina mwenzangu, mama wa watoto, anaitwa Olsen, maana yake mwana wa kiume wa Ole. Nyanya yake wa zamani angekuwa Olsdatter, binti wa Ole, lakini jina la ukoo lilipogandishwa wanawake wakageuzwa wavulana kwenye karatasi. Nilicheka, kisha nikakumbuka binamu zangu wote wa kike wenye majina ya kiume, Kiprono na Kiplimo, kwenye kitambulisho, na ile arap, yaani "mwana wa", iliyoachwa kwa wanasiasa. Nikanyamaza.

Basi shikeni haya, maana wengine mnapanga kuja huku na wengine mna watoto wasiosajiliwa. Mtoto asajiliwe ndani ya miezi sita, hata kwetu Kenya; ikipita hapo ni usajili wa kuchelewa, na mtazungushwa. Jina la Kip au Chep liingie kwenye cheti cha kuzaliwa siku hiyo hiyo, si "baadaye", kwa kuwa baadaye ni wakili na ada. Amueni herufi: kama ni Jepkoech iwe Jepkoech kliniki, Jepkoech kwenye vyeti vya shule, Jepkoech kwenye pasipoti. Nimeona msichana mwerevu akihangaika hapa kwa sababu cheti kimoja kina J na kingine Ch, na karani wa huku hajui kuwa ni mtu yule yule. Mpangilio wa majina matatu nao usibadilike kutoka karatasi hadi karatasi. Fomu ya Norwe ina nafasi tatu, na ile ya katikati kwao ni ya ukoo kama Braut. Kwa hiyo Mercy Jepkoech mwandikeni yote mawili kwenye jina la kwanza, la sivyo Jepkoech litageuka ukoo. Na mkitaka kumwita mtoto jina la mtu wa mbali, ulizeni kwanza kama ni jina.

Wewe mtoto wa kaka yangu, nimempigia kogo. Ameniambia mtoto alizaliwa saa ngapi, na nani aliitwa hadi chafya ikatoka, kwa hiyo hilo la "tutaona" limekwisha. Erling nakuruhusu, ukibanwa sana. Mkeo aulizwe jina la upande wake pia, na liandikwe. Pesa za sherehe nimetuma kwa M-Pesa ya kogo, si yako, na ana maagizo asizitoe kabla hajaonyeshwa cheti.

Wenu,
Senge wa Stavanger