Ndinga ya Staa na Kona za Chunya

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, simtaji maana mashabiki wake mtanishukia kwenye komenti. Katupia video anazungusha mkia wa sedani lake uwanjani, vumbi tupu, watu wanashangilia. Kaka yangu ameiangalia hiyo video mpaka bando limeisha. Sasa kaka ni mchimbaji mdogo huku Matundasi, Chunya, na safari hii mawe yamejibu. Hela ya gari anayo, na anataka ndinga ileile.

Mimi simzuii mtu kula raha ya jasho lake. Ila gari hiyo ndiyo itampeleka bi mkubwa kliniki Mbeya kila mwezi. Na barabara ya Chunya kwenda Mbeya mnaijua: lami ipo, kilomita 70 na kitu, lakini inapanda milima mpaka Kawetire kwenye ukungu, kona juu ya kona, bonde liko pembeni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi na rimu, uliza injini inazungusha tairi zipi.

Tuanze na zinazovuta mbele, kama IST, Passo na Vitz nyingi za mjini. Injini imekaa juu ya tairi zilezile zinazovuta, kwa hiyo zinakandamizwa vizuri chini. Ukiingia kona yenye utelezi kwa mwendo mkubwa, pua inagoma kukata, gari inataka kwenda moja kwa moja. Unapunguza mafuta taratibu, pua inarudi. Ubaya wake ni mlima mkali wenye tope: uzito unahamia nyuma, mbele panakuwa pepesi, tairi zinazunguka bure.

Zinazosukuma nyuma ni kama Brevis, na Crown na Mark X nyingi. Tairi za mbele zinakata kona, za nyuma zinasukuma, kila mtu na kazi yake. Ndiyo maana usukani wake ni mtamu kwenye lami kavu. Lakini lami ikilowa ukakanyaga mafuta katikati ya kona, mkia unataka kutangulia. Ukishtuka ukaachia mafuta ghafla, unaweza kuongeza balaa. Staa anafanya vile kwa makusudi, tena uwanjani, hakuna bonde wala lori la viazi linalokuja mbele.

Halafu kuna zinazotumia tairi zote nne, kama Forester na Land Cruiser. Nguvu inagawanywa mbele na nyuma, kwa hiyo kutoka kwenye tope au kuingia machimboni wakati wa masika, hizi ndizo baba lao. Sasa hapa ndipo mabishoo wengi wanapotea. Kuondoka vizuri si kusimama vizuri! IST ina breki kwenye tairi nne, Crown hivyohivyo, Land Cruiser hivyohivyo. Ukiwa unateremka mlimani na mvua inanyesha, fowili haikuongezei breki, na mara nyingi gari yenyewe ni nzito zaidi. Inakupa tu ujasiri wa kuingia kona na mwendo ambao mwenye Passo angeuogopa.

Kinachogusa lami ni tairi. Tairi kipara ni kipara, iwe ya milioni 9 au milioni 90. Mteremko mrefu unashukwa na gia namba 2, usikalie breki mpaka zichemke zikakataa. Waliowahi kushuka Kitonga kule Iringa wanaelewa ninachosema.

Nilimwambia kaka hivi: kama safari zako ni lami ya Mbeya na Makongolosi, chukua inayovuta mbele, hela inayobaki nunua tairi mpya nne na ukague breki. Kama utakuwa unaingia mashimoni masika, chukua fowili. Kama roho imeng'ang'ania Crown, chukua, ila mguu wako ujue unasukuma nyuma. Akanijibu, "Dogo, wewe hata leseni huna." Kweli sina. Lakini barabara ile nimepanda na michomoko tangu nasoma sekondari, na siti ya mbele nimeona madereva wa aina zote.

Mpaka leo hajalipia. Dalali anampigia kila asubuhi, anamwambia gari inagombaniwa. Kliniki ya bi mkubwa ni mwisho wa mwezi huu, na mama yetu hapendi siti ya nyuma, anasema inamtia kichefuchefu.

Nyie mnaopita njia ile kila wiki, tusaidiane: kaka achukue ipi? Komenti ziko wazi, nitamsomea zote.