Kukauka Si Kufa

Kwenye kigogo cha mwembe kilichoanguka huota uyoga mdogo ambao wapita njia wengi hawaujali. Hauna mguu wa kusimamia. Umejishikiza kwenye gome, umbo lake kama kipepeo cha kupepelea moto, upana wake sentimita 1 hadi 4. Juu una manyoya mafupi ya rangi nyeupe iliyochanganyika na kijivu. Wataalamu huuita *Schizophyllum commune*, jina alilolitoa Elias Fries wa Uswidi mwaka wa 1815. Huota katika kila bara isipokuwa Antaktika.

Atakaye kuutambua na augeuze. Chini utaona mikunjo myembamba kama kurasa za kitabu, yote ikianzia pale uyoga uliposhikamana na mti, na kila ukurasa umepasuliwa kwa urefu wake. Hiyo ndiyo alama yake. Jua likizidi, zile nusu mbili hujikunja na kuifunika sehemu itoayo spora, yaani vumbi la uzazi. Mvua ikinyesha hunyooka, na spora huanza kutoka tena. Arthur Buller, aliyefundisha Winnipeg, Kanada, alihifadhi uyoga huu mkavu katika mirija ya kioo isiyo na hewa. Miaka zaidi ya 50 baadaye ulitiwa maji, ukafunguka.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kiangazi kimoja wanachuo waliuchuma nyuma ya mabweni. Mmoja aliandika daftarini: "Umekufa." Niliwaomba waulaze juu ya kitambaa kilicholowa hadi asubuhi. Kulipokucha, yule kijana aliutazama kwa muda, kisha akalifuta neno lake bila kuambiwa na mtu.

Nilifurahi, kwa kuwa vijana wale walikuwa wakienda kuandika ripoti za watoto. Mtoto ajaye shuleni na njaa, au aliyefiwa na mama, naye hujikunja. Mwalimu aliyemwona kwa mwezi mmoja tu humwandikia "mzito", na neno hilo humfuata hadi darasa la saba. Sisemi kwamba kila kikavu kina uhai. Nasema tu kwamba maji ni rahisi kupatikana, na ni haki kuyajaribu kabla ya kushika kalamu.