Mkunga na apande mlima

Tunaanza kwa kuungama kosa letu sisi wenyewe.

Jumapili moja, baada ya ibada isiyo na padri, tulisimama mbele ya Wakristu wa kapela yetu tukasoma tangazo. Lilitoka kwenye kituo kimoja cha afya kule bondeni, jina lake hatulitaji. Lilisema: tangu leo mama yeyote atakayezalia nyumbani atatoa mbuzi mmoja au bei yake, na mama mzee atakayemzalisha atatoa vivyo hivyo, na mtoto hatapewa karatasi ya kuzaliwa mpaka malipo yaishe. Tulisoma kwa sauti kubwa, kama tunavyosoma matangazo ya ndoa. Tena tukaongeza maneno yetu: "Ninyi akina mama, acheni mambo ya giza, shukeni kituoni." Watu walinyamaza. Mama mmoja mwenye mimba kubwa aliinama, akakaza kikwembe alichombebea mtoto mgongoni. Siku ile hatukumtazama sana.

Kijiji chetu kiko juu, katika milima ya Marungu, upande ule ambao ziwa Tanganyika laonekana chini kama bati linalopigwa na jua. Kutoka kwetu mpaka kituo ni mwendo wa saa tano kwa mtu mwenye miguu mizuri, na njia yavuka mto mara mbili. Wakati wa mvua mto ule haumngoji mtu. Mgonjwa abebwa kwa kipoyi, wanaume wanne wakipokezana na wengine wanne. Wale waliokwisha kumbeba mama mwenye uchungu juu ya mawe yale wanajua kilio chake, hatuna haja ya kuandika zaidi.

Majuma sita yalipita. Usiku mmoja wa mvua mama yule alishikwa na uchungu. Mume wake alikuwa ameshuka ziwani kununua samaki wa kuuza. Alimtuma binti yake kumwita nkambo wa jirani, ambaye mikono yake imepokea nusu ya watoto wa kijiji. Nkambo alisimama nyuma ya mlango wake uliofungwa, akasema: "Mjukuu wangu, mbuzi wangu ni mmoja tu." Basi mama yule akaingia peke yake katika nyumba ya kupikia, akazaa gizani.

Kulipokucha binti yule wa miaka tisa alikuja kugonga kwetu. Tulikuta mkeka umeloa damu, na mtoto angali na pumzi ndogo. Hakuna aliyempangusa akauka, hakuna aliyemfuta kinywa, hakuna aliyemlaza kifuani mwa mama yake apate joto. Tulichota maji, tukambatiza, tukampa jina la mtakatifu wa siku ile. Alikufa kabla jua halijapita juu ya miti. Mama alishushwa kwa kipoyi, akalala kituoni siku kumi na mbili, akapona. Siku ya kutoka akadaiwa mbuzi.

Ubatizo wa hatari tulifundishwa tungali vijana katika seminari, na tangu hapo tumewafundisha wengi. Asubuhi ile maji yalipita juu ya kichwa, maneno yote yalikuwa sawasawa. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani, swali moja halikutuacha: ni nani aliyeufunga mlango wa nkambo? Ulifungwa na tangazo. Na sauti ya tangazo lile ilikuwa yetu.

Msituelewe vibaya. Hatusifu kuzaa bila msaada. Tumeona wembe wa zamani ukikata kitovu, tumeona majani yakipakwa juu yake, tumezika. Nkambo wetu ana mikono mizuri na moyo mwema, lakini damu ikianza kumwagika hana la kufanya ila kumwita Mungu. Hata wale walioweka malipo ya mbuzi hawakuwa watu wabaya. Nao wamezika akina mama, wakatafuta njia ya kuwaleta wengine karibu na dawa. Tunasema tu kwamba njia ile waliikosea.

Tena haikuanza jana. Wazee wetu waliokwenda kufanya kazi katika kambi za Union Minière huko Katanga walikuta shauri hilo tangu miaka ya 1920 na kuendelea. Kampuni ilitaka wafanyakazi wakae na wake zao, watoto wao waishi na kukua, kwa hiyo ikajenga nyumba za kuzalia, na masista wakawapima watoto kwa mizani. Watoto wengi walipona kwa sababu hiyo, tusiwanyime sifa. Lakini katika kambi, nyumba ya kuzalia haikuwa mbali na mlango wa mama. Sheria ile ikapandishwa milimani, na ile nyumba ya kuzalia ikabaki chini.

Wala tusidhani kwamba kufika kituoni ni kuokoka. Uchunguzi uliofanywa katika Kongo yetu mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100, karibu 80 walikuwa wamezaliwa katika kituo au hospitali. Lakini uchunguzi ule ule ulihesabu kwamba akina mama 846 walikufa kwa ajili ya uzazi kwa kila watoto 100.000 waliozaliwa hai. Kwa hiyo ukuta peke yake hauokoi mama. Yafaa awepo mtu anayejua kazi, awe na dawa mkononi, naye afike saa ile ile.

Basi tulianza kuzunguka. Katika vijiji vitatu tuliketi na akina mama, mara nyingi mama watoto wetu akiwa pamoja nasi, kwa sababu kuna mambo ambayo mama hamwambii mwalimu wa dini. Kisha tukaandika barua kwa munganga mkubwa wa eneo la afya. Tuliomba mambo mawili: malipo ya mbuzi yaondolewe, na mkunga aliyesoma aruhusiwe kupanda mlima kumzalisha mama nyumbani kwake. Barua haikujibiwa. Tukashuka wenyewe. Mkubwa mmoja alituambia: "Mwalimu, kazi yako ni katekismu." Tulimjibu kwa heshima kwamba katika katekismu ndimo tuliposoma habari za uhai wa mtu. Hakufurahi.

Mara ya pili hatukwenda peke yetu. Walishuka akina mama kumi na mmoja, na mmoja wao, ambaye hajui kusoma, alisema maneno yaliyotushinda sisi tuliosoma: "Mnasema tushuke tungojee huku siku zetu. Watoto wangu wanne nani atawapikia? Mbuzi wasiingie katika mihogo ya watu, nani atawachunga? Na ninyi mnaotudai mbuzi, mnajua anayewachunga ni nani?" Watu walicheka, hata yule mkubwa alicheka kidogo, na tangu hapo mazungumzo yakawa mazungumzo.

Aliyetufungua macho zaidi ni mkunga mwenyewe. Ni dada kijana, amehitimu masomo ya ukunga, na hana woga wa milima. Tulidhani atakubali mara moja. Alisema: "Mwalimu, nitapanda. Lakini mama akinifia kule juu, nani atasimama nami? Hapa kituoni nikipata msiba, wataandika kwamba msiba umetokea. Kule juu wataandika kwamba nimeua."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumewapigania akina mama kana kwamba haki yao inasimama peke yake. Kumbe haki ya mama kusaidiwa nyumbani imeshikwa mkononi na mkunga, na mkunga asipolindwa, mama hana kitu.

Padri mmoja aliyesoma sheria Ulaya ndiye aliyetusimulia habari za Hungaria. Huko alikuwako munganga wa akina mama, Ágnes Geréb, ambaye alikuwa pia mkunga, akiwazalisha akina mama nyumbani mwao. Sheria ya nchi haikuwa wazi: mama hakukatazwa kuzalia kwake, lakini aliyekuja kumsaidia aliweza kuadhibiwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2010 Geréb alikamatwa akatiwa kifungoni. Katika mashtaka yake yalikuwamo ya kweli na mazito, kwa maana mtoto alikuwa amekufa, nasi hatutaki kumfanya mtakatifu. Lakini mama mwingine, Anna Ternovszky, aliyekuwa na mimba na kutaka kuzalia nyumbani, alikuwa amepeleka shauri mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kule Strasbourg. Tarehe 14 Desemba 2010 mahakama ilimpa haki. Ilisema kwamba namna ya kuzaa ni sehemu ya maisha ya mtu mwenyewe, na kwamba mama hana uhuru wa kweli kama anayemsaidia anaishi chini ya tisho la adhabu. Mwaka 2011 serikali ya Hungaria ikatoa kanuni: nani aruhusiwa kuzalisha nyumbani, kwa vyombo gani, na mama gani asizalie nyumbani. Mwaka 2018 rais wa nchi akamsamehe Geréb adhabu ya kifungo.

Padri hakutuficha upande wa pili. Mahakama ile ile, mwaka 2016, katika shauri la akina mama wawili wa Jamhuri ya Cheki, ilisema kwamba nchi yaweza kukataa wakunga wasizalishe nyumbani, bila kuvunja haki. Kwa hiyo hata kule wakubwa bado wanabishana. Hungaria si Marungu, tena mama wa Budapest anaona hospitali dirishani pake. Tulichukua kitu kimoja tu: kanuni iliyoandikwa.

Wengine watauliza, je, jambo hili linalihusu Kanisa? Tarehe 29 Oktoba 1951 Papa Pius wa XII aliwahutubia wakunga Wakatoliki wa Italia, akaihesabu kazi yao kuwa utume. Siku zile mkunga wa Italia alikuwa akienda na mkoba wake mpaka kitandani pa mama. Sisi twapenda zaidi kumkumbuka Bikira Maria. Hakungoja Elizabeti ashuke milimani, alipanda yeye, akakaa huko karibu miezi mitatu. Na wale wakunga wa Misri, Shifra na Pua, walimwambia Farao kwamba wake za Waebrania huzaa kabla mkunga hajafika. Mpaka leo tunashindwa kujua kama walikuwa wakimdanganya mfalme au kama kweli njia ilikuwa mbaya.

Baada ya miezi mingi karatasi ilipatikana, yenye mhuri. Mbuzi wameondolewa, na mtoto apata karatasi yake popote alipozaliwa. Mkunga atapanda Jumatano ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi kuwaona wenye mimba, na mtu akitumwa kumwita, apande siku yoyote. Akizalisha nyumbani kwa kufuata kanuni, anahesabiwa kuwa yuko kazini. Mkobani mna mipira ya mikono, wembe mpya, uzi safi, sabuni, mpira wa kumpulizia pumzi mtoto asiyelia, na vidonge vya misoprostoli vya kuzuia damu isimwagike baada ya kuzaa, ambavyo havihitaji barafu kama ile dawa ya sindano. Lakini mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyekwisha kupasuliwa, na mwenye damu inayopanda, hao lazima washuke mapema. Kwa ajili yao tumepewa chumba kimoja karibu na kituo, na kila kapela yachangia unga wa kula. Mwaka 2023 serikali ilianza mpango wa akina mama kuzaa bila malipo, ikianzia Kinshasa. Sisi bado twachangishana unga.

Hatusemi kwamba yote ni mema. Pikipiki imeharibika mara mbili. Wanaume wengine wasema mkunga amekuja kuwafanya wake zao wawe wakaidi. Tangu Pasaka watoto watano wamezaliwa mikononi mwake, na wawili hawakumngoja, kama wale wa Misri. Mama mmoja alikutwa mtoto amelala kwa upande ndani ya tumbo. Mkunga hakubishana na mtu, akaagiza kipoyi saa ile ile, akashuka naye kwa miguu akimshika mkono. Yule mama alipasuliwa, akarudi na binti.

Nkambo naye ana kazi yake. Ndiye anayeshika taa, anayeusugua mgongo wa mama, anayejua mume yupi aamshwe na yupi aachwe alale. Mkunga amemfundisha kumpangusa mtoto na kumweka kifuani mwa mama. Tulipokwenda kumwomba msamaha kwa ajili ya lile tangazo, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza kama watoto wetu wamekula.

Na yule mama wa nyumba ya kupikia ana mimba tena. Jumapili iliyopita alitungoja nje ya kapela. Tulidhani ataomba tusali kwa ajili ya marehemu mtoto wake, maana mwaka ulikuwa umetimia. Alitaka kujua kama Jumatano hii ni ile ya mkunga, au ni ile nyingine.