Nani Anawamaliza Wana wa Ukoo Huu?

Huku kwetu Kyela, swali la kwanza msibani ni "nani?", mara chache "nini?" Silidharau swali hilo. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake Good Company mwaka 1951, aliandika kwamba wazee waliamini mchawi hubeba chatu tumboni, chatu anayerithiwa kutoka kwa mzazi, na kwamba maiti iliweza kupasuliwa ili sababu ya kifo itafutwe ndani yake. Wazee hao walikwisha kung'amua kuwa yapo maafa yanayofuata damu, na kwamba ushahidi wake umo mwilini. Walichokosa ni darubini.

Darubini yenyewe ilielekezwa, ajabu iliyoje, kwenye mnyoo. Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita moja tu. Katika kukua kwake huzalisha seli 1,090, na 131 kati ya hizo hufa, zilezile na kwa wakati uleule, katika kila mnyoo. Mwanabiolojia wa Marekani, H. Robert Horvitz, alitaka kujua ni kipi kinachoziamuru zife. Yeye na wanafunzi wake wakazibaini jeni zinazoendesha kifo hicho na nyingine inayokizuia. Jeni iitwayo ced-3 ikiharibika, seli zilizopangiwa kufa huendelea kuishi. Mwaka 2002 alitunukiwa Nobel pamoja na Sydney Brenner na John Sulston.

Baba yake Horvitz aliugua ALS, ugonjwa unaoua seli za neva zinazoendesha misuli. Horvitz akaungana na daktari Robert Brown na wenzao wengine, na mwaka 1993 wakatangaza kwamba katika baadhi ya koo zenye ugonjwa huo kasoro imo kwenye jeni iitwayo SOD1. Iwapo neva hizo hufa kwa utaratibu uleule wa mnyoo, wataalamu wangali wanabishana. Kuhusu urithi, hesabu ni nyepesi zaidi: kwa kawaida, mzazi mwenye kasoro hiyo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu.

Sarafu hiyo ndiyo niliyoikumbuka mwaka juzi katika msiba mmoja, njia ya kwendea Matema. Marehemu alikuwa wa tatu kufa katika tumbo lile. Wote walianza kwa mkono kulegea na jembe kuponyoka, ikafuata miguu, kisha ulimi, ilhali akili imebaki timamu. Baba yao alikwenda vivyo hivyo. Hakuna daktari aliyepata kuuchunguza ukoo ule, lakini wanaume chini ya mwembe walikwisha kumpata muuaji: shangazi wa marehemu, mjane mwenye shamba dogo la kakao. Ushahidi ulikuwa mmoja tu, kwamba yeye, dada wa baba yao, hajaugua. Katika maradhi ya nusu kwa nusu, lazima wawepo wanaozeeka salama ndani ya ukoo uleule. Afya yake, iliyotumiwa kumhukumu, ndiyo ingemtetea.

Sheria ya Uchawi, ya tangu mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Viongozi wa kijiji walikuwepo msibani, na walinyamaza.

Wala asije mtu kudai kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1981 E. M. Scrimgeour alichapisha taarifa kuhusu Huntington nchini Tanzania, ugonjwa mwingine wa kurithi unaoua seli za ubongo. Na mwaka 2023 Marekani iliidhinisha tofersen, dawa ya wagonjwa wa ALS wenye kasoro ya SOD1 peke yao. Ukoo usiojua jeni yake hauwezi hata kuiulizia dawa hiyo.

Kazi ya kwanza haihitaji maabara. Mganga wa zahanati, au mwanafunzi wa tiba aliye likizo Ipinda, achukue daftari, aketi na wazee wa ukoo, aandike vizazi vitatu: nani aliugua, akiwa na umri gani, kiungo kipi kilitangulia, nani alizeeka bila dalili. Mimi nimeanza na ukoo ule. Majina yamefika ishirini na saba, na aliyenipa mengi kuliko wote, pamoja na miaka yao ya kuzaliwa, ni yule shangazi.