Namba Tasa

Muhula uliopita chama chetu kilichagua riwaya ya Mark Haddon, The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, iliyotoka mwaka 2003. Sharti lilikuwa moja: tuisome kwa Kiingereza, tuisimulie kwa Kiswahili. Kila Ijumaa jioni mmoja wetu alisimama akatuhadithia sehemu yake.

Msimulizi ni Christopher, kijana wa miaka 15 wa mji wa Swindon. Usiku mmoja anamkuta mbwa wa jirani ameuawa, naye anaazimia kumtafuta muuaji. Kichwa chake kimejaa hesabu. Akiona magari manne mekundu yakifuatana, siku ni njema. Yakiwa manne ya manjano, siku ni mbaya na hasemi na mtu. Hata sura za kitabu amezipa namba tasa tu: 2, 3, 5, 7, hadi 233.

Hapo penye "tasa" tulicheka. Namba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, nasi tumeipa jina la asiyezaa! Tukayacheka na yale magari mekundu. Mmoja wetu alipomwigiza Christopher akiziba masikio, tulivunjika mbavu.

Mwenzetu mmoja kutoka Tanga hakucheka. "Mdogo wangu yuko hivyo," alisema.

Akatuambia kwamba mdogo wake huhesabu minazi ya njiani kila arudipo kutoka shuleni, na majirani humwita zuzu. Siku moja hakufika nyumbani. Walimkuta usiku kando ya barabara kuu, malori yakimpita karibu, akienda na kurudi huku analia. Baba alimchapa. Kesho yake dada mtu alimshika mkono, wakahesabu pamoja toka mnazi wa kwanza. Ndipo alipokiona kisiki kibichi. Mnazi mmoja ulikuwa umekatwa, hesabu haikutimia, na mtoto hakuweza kwenda nyumbani na hesabu pungufu.

Tulinyamaza. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema kuwa mtaani kwao hakuwapo mtoto kama huyo, wala kwamba hakuwahi kumcheka.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya safari ya London. Christopher anashuka peke yake Paddington, kelele na mabango vinamlemea, naye anajisemea "kushoto, kulia, kushoto, kulia" ili aweze kutembea. Baadaye, kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi, panya wake Toby anaingia relini. Christopher anashuka kumfuata, na treni inakuja.

Safari hii hatukucheka. Tulikumbuka majuma yetu ya kwanza nchini Uingereza: tulivyohesabu vituo vya basi kwa vidole tusipotee, na tulivyojumlisha na kutoa sita kila tulipotajiwa saa. Sisi nasi tulishikilia hesabu tusianguke.

Nani alimwua mbwa hatusemi, someni wenyewe. Lakini Jumapili ile mwenzetu alipiga simu nyumbani. Mdogo wake hakumuuliza hali. Alitaka kujua chamani tuko wangapi.

"Tuko 17," dada alimjibu.

Kukawa kimya kidogo.

"Tasa hiyo," akasema. "Msipungue."