Kaka Hakuwa Mvivu

Nilizaliwa Nyamira, katika boma lililozungukwa na mashamba ya chai. Kaka yangu alipotimu miaka ishirini na mitatu, alianza kusikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Dawa za hospitali zilizinyamazisha, lakini kaka niliyemjua hakurudi. Baba akimtuma dukani kwa sukari na kiberiti, alileta sukari pekee, au alirudi mikono mitupu. Majirani walinena kwamba amekuwa mvivu. Nami, japo naona haya kukiri, nilinena vivyo hivyo.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kumbe akili zaweza pia kupimwa. Mwaka 1929, Hans Berger wa Ujerumani alichapisha habari za umeme wa ubongo wa binadamu ulionaswa bila kupasua kichwa. Mwaka 1965, Samuel Sutton na wenzake walieleza wimbi linaloinuka takriban milisekunde 300 baada ya mtu kufikiwa na jambo asilolitarajia. Mtu hubandikwa vinasa umeme kichwani, kisha husikizishwa mlio mmoja unaorudiwarudiwa. Mara chache huingia mlio tofauti, na huo ndio anaotakiwa kuuhesabu. Kwa wenye skizofrenia, wimbi hilo aghalabu huwa dogo, hata dalili nyingine zikiwa zimetulia. Kipimo hiki hakitoshi kumbainisha mgonjwa mmoja mmoja, maana tofauti hiyo hudhihirika makundi yanapolinganishwa. Hata hivyo, chatufunza kwamba udhaifu wa makini ni sehemu ya maradhi yenyewe, si tabia.

Kwetu Gusii, kichwa si kitu kigeni kwa waganga. Omobari, mpasuaji wa jadi, alifungua fuvu la mtu aliyejeruhiwa kisha akasumbuliwa na maumivu ya kichwa yasiyokoma. Edward Margetts, daktari wa akili aliyehudumu katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo. Babu zetu waliyasadiki maumivu yasiyoonekana. Mbona sisi wajukuu tunashindwa kuusadiki udhaifu usioonekana?

Sisi wanafunzi wa lugha twajua uzito wa neno. "Mvivu" ni neno dogo, lakini lilimfungia kaka yangu nje ya mazungumzo ya nyumbani kwake. Siku hizi nikizungumza naye, humwambia jambo moja tu, kisha husubiri. Jibu huchelewa. Lakini huja.